Kwa nini kompyuta inashindwa kuvuka bahari? Uzi wa wacheza gemu za vita vya kihistoria

Mchora Ramani

Wakuu, salaam.

Kuna jambo tumekuwa tukiligusa juu juu kwenye nyuzi nyingine, kwamba kwenye gemu za mikakati ya kihistoria kompyuta, yaani adui anayeendeshwa na programu, "haijui bahari". Leo nataka tulichimbe. Mimi naona inaijua vizuri tu. Kinachoishinda ni kushika mpango mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuubadilisha katikati ya maji.

Nianze na Hearts of Iron IV, gemu la Vita vya Pili vya Dunia, kwa kuwa humu wengi tunaicheza. Ili uvamie nchi kutokea baharini, lazima mambo kadhaa yakutane. Uwe umeshafanya utafiti wa meli za kubebea askari. Uwe na bandari ya kuondokea. Uchore mshale kutoka bandarini mpaka ufukwe unaoutaka. Divisheni zikae pale zikijiandaa, na kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo maandalizi yanavyorefuka. Kisha manowari zako ziwe na nguvu kuliko za adui katika kila eneo la bahari ambalo mshale umelipita. Kimoja kikikosekana, askari wanabaki gatini wanaota jua.

Wewe mchezaji unaliona hilo kama neno moja: "naenda Norway". Kompyuta inaliona vipande vipande. Upande mmoja wa programu unagawa divisheni kwenye medani, mwingine unatuma meli doria, mwingine unapanga ndege, na kila upande una hesabu zake za nini kitangulie. Siku ambayo divisheni ziko tayari bandarini, meli zimeshaitwa kwenda kulinda misafara ya mizigo Atlantiki. Meli zikirudi, divisheni nazo zimeshahamishiwa mpaka wa mashariki kwa sababu huko kumeungua. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila upande umepata jibu sahihi kwa siku ile, na uvamizi umekufa.

Mkitaka ushahidi, chezeni na Ujerumani, mkishaimaliza Ufaransa simamisheni kidogo mtazame pwani ya magharibi. Washirika (Uingereza na wenzake) wanashusha divisheni mbili karibu na Bordeaux, mahali pasipo na bandari. Bila bandari hakuna ugavi wa maana, kwa hiyo baada ya siku chache divisheni hizo zinasimama hazina nguvu hata ya kushambulia jimbo la jirani. Unaleta askari wa akiba, unazizingira, zinakwisha. Muda unapita, wanashusha tena mbili palepale, na tena, mpaka zinafika kumi. Divisheni zile kumi wangeziweka pamoja zingeweza kuchukua bandari yoyote ya Ufaransa, ila zimekuja kwa mafungu na zimekufa kwa mafungu.

Linganisheni na Normandy, Washirika walipoivamia Ufaransa kwa kweli. Uvamizi wa 6 Juni 1944 ulianza kupangwa mwaka uliotangulia, watu kama 156,000 wakashuka siku ya kwanza, na siku yenyewe ilisogezwa kutoka tarehe 5 kwa sababu ya hali ya hewa. Walijua fika kwamba watakaa siku nyingi bila bandari kubwa, kwa hiyo wakavuta bandari bandia kutoka Uingereza. Dhoruba ikaja Juni ileile ikaivunja ile ya upande wa Wamarekani, na mpango haukufutwa. Kompyuta ingepiga hesabu upya asubuhi ya tarehe 5, ikaona mawimbi, ikapeleka jeshi Italia.

Nawasilisha. Anayeona tofauti aseme.

Kibubu_254

Umeongea poa, lakini umeangalia upande mmoja. Shida kubwa mimi naona iko kwa kulinda, si kwa kushambulia.

Chukua Uingereza kwenye hiyo Hearts of Iron. Ndio wenye navy kubwa, ndio wenye kisiwa. Kompyuta inatuma divisheni Misri, inatuma Malaya, inatuma Ufaransa kusaidia, na nyumbani inaacha watu wachache wa kufunga mlango. Ukikusanya meli zako zote za kivita kwa Channel, ile bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, kwa muda mfupi tu, ukapata ule upenyo wa kutawala maji, unashuka kusini na unafika London kabla haijarudisha mtu kutoka Afrika. Hitler mwenyewe aliahirisha hiyo kitu Septemba 1940 na hakuirudia tena. Kwa gemu kila mtu anaifanya kama mchezo wa watoto.

Na kuna ile mbinu chafu ambayo wote tunaijua na tunajifanya hatuijui. Unashusha divisheni moja mahali popote, hata kama haina maana, ili kompyuta ing'oe askari kwenye mstari wake wa mbele wakimbilie pwani. Halafu unavunja mstari. Washirika mwaka 1944 walihitaji jeshi la uongo zima, vifaru vya mpira na redio za kudanganya, ili Wajerumani wabakize Jeshi lao la 15 kule Pas de Calais, mbali na Normandy. Sisi tunahitaji divisheni moja ya wapanda farasi.

Kwa hivyo kompyuta ina magonjwa mawili yanayopingana. Kabla hujashuka haikuogopi kabisa. Ukishashuka inakuogopa kupita kiasi.

TangaRaskazone

Mkuu Mchora Ramani, kwa heshima, unampa binadamu sifa asizostahili. Umechagua Normandy, mfano wa waliofaulu. Mimi niko Tanga, ngoja nikupe wa hapa nyumbani.

Novemba 1914 Waingereza walileta askari kama 8,000 kutoka India kuja kuuchukua mji huu kwa Wajerumani. Tarehe 2 manowari yao Fox ikatangulia, na nahodha wake akashuka kuwaambia Wajerumani kwamba yale makubaliano ya kutoshambuliana yamefutwa. Yaani aligonga mlango akapiga hodi. Baada ya hapo wakapoteza muda wakitafuta mabomu ya majini ambayo hayakuwepo, kisha wakaanza kushusha watu usiku upande wa Ras Kasone, mbali na gati, bila upelelezi wowote wa maana. Askari wenyewe walikuwa wamekaa melini wiki kadhaa, wamechoka, wanaumwa na bahari.

Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alitumia muda huohuo kuleta askari wake kwa reli kutoka Moshi. Hadi tarehe 4, siku ya pambano lenyewe, alikuwa na watu kama 1,000 tu. Waingereza wakapigwa mjini na kwenye mashamba, nyuki nao wakaingia vitani, na tarehe 5 wakapanda meli wakaondoka. Walichoacha nyuma: bunduki mamia, bunduki za rashasha 16, na risasi 600,000. Vita vya Wajerumani huku viliendeshwa kwa muda kwa mali hiyo.

Sasa niambie, ungeona kompyuta imefanya hivyo kwenye gemu si ungekuja hapa kufungua uzi wa kuitukana? Kuchelewa kati ya kuonekana na kushuka, kushuka pasipo na bandari, kutojua aliyeko ufukweni, wakati mlinzi ana reli. Ni kosa lilelile la Bordeaux, na hapa lilifanywa na majenerali.

Mchora Ramani

Mkuu Raskazone, hiyo nimeipokea kwa mikono miwili, ila tazama tofauti moja. Waingereza walichukua mwaka mzima na zaidi kabla ya kuja kwa nguvu, na mwaka 1916 walipokuja walipita nchi kavu kutokea Kenya, upande wa Kilimanjaro. Walikumbuka kipigo. Ninayoilalamikia mimi inarudi Bordeaux mwezi unaofuata na divisheni mbili zilezile.

Mgeni Njoo

Shikamooni wakubwa. Samahani, mimi ni mgeni kwenye hizi gemu, nilikuwa mtu wa mpira tu. Naomba kuuliza. Kompyuta ilimpiga Kasparov kwenye chesi mwaka 1997, siku hizi hata simu inatupiga. Kwa nini kompyuta hiyohiyo ishindwe kupandisha watu kwenye meli na kuwashusha?

Bibi Divisheni

Marahaba mdogo wangu, karibu. Swali lako zuri kuliko unavyodhani.

Kwenye chesi kuna miraba 64, kila zamu unasogeza kete moja, na kompyuta inaweza kukaa inafikiria. Kwenye hizi gemu kila nchi ina vikosi mamia na vyote vinasogea pamoja. Hearts of Iron inakwenda saa kwa saa, nchi zote duniani zinapiga hesabu kwa wakati mmoja, na wewe umeweka kasi ya mwisho kwenye laptopu yenye feni inayolia. Mtengenezaji hawezi kumpa kila mmoja muda wa kuwaza. Kwa hiyo hawachezi kama chesi kwa kutazama mbele hatua nyingi. Wanatumia kanuni za mkato: kama hali ni hii, ongeza uzito wa jambo lile.

Nimefanya modi (mabadiliko yanayotengenezwa na wachezaji) za Civilization IV kwa muda mrefu, nikuonyeshe kwa ndani. Watengenezaji wake, Firaxis, waliachia msimbo wa sehemu kubwa ya gemu ile mwaka 2006, kwa hiyo tunaona kila kitu. Mle ndani kila kikosi kinavishwa kazi. Meli ya kubeba jeshi la uvamizi inaandikwa UNITAI_ASSAULT_SEA. Meli ya kuisindikiza ni UNITAI_ESCORT_SEA. Meli ya kubeba walowezi ina kazi yake nyingine, haichanganywi. Halafu kila eneo la ardhi, bara au kisiwa, linapewa hali: linalindwa, linashambulia, au liko kwenye AREAAI_ASSAULT, maana yake adui yuko ng'ambo na lazima tuvuke. Ipo hata hali ya kukusanya kwanza kabla ya kuvuka, AREAAI_ASSAULT_MASSING.

Hapo sasa ndipo ugonjwa aliousema Mchora Ramani unatibiwa. Hali ya eneo inawaambia wote, meli na askari, kwamba tunafanya jambo moja. Askari hapandi meli mpaka kundi litoshe. Toleo la awali mwaka 2005 lilikuwa dhaifu majini, wanamodi wakalifanyia kazi, na kazi hiyo ikaja kuingizwa rasmi kwenye nyongeza ya gemu hilo, Beyond the Sword, 2007. Waliocheza hilo wanajua hofu yake. Umekaa kisiwani kwako unajenga maktaba, ghafla galeoni zinatokea kwenye ukungu, kila moja na vikosi vitatu, wote wanashuka mraba mmoja kando ya mji wako wa bandari ambao ulikuwa na mpiga upinde mmoja mzee.

Kwa hiyo inawezekana. Iliwezekana tangu 2007.

Kibubu_254

Sasa dada, kama iliwezekana 2007, mbona Civilization V ya 2010 ilikuja ikiwa mbovu zaidi?

Bibi Divisheni

Kwa sababu walibadilisha kanuni mbili, na zote zikaiumiza kompyuta.

Ya kwanza, mraba mmoja kikosi kimoja. Kwenye IV jeshi zima linaweza kusimama mraba mmoja, kwa hiyo kushuka ni swali moja tu: wapi? Kwenye V ukileta vikosi kumi unahitaji miraba kumi ya pwani, na ya pwani kwa kawaida iko michache, mingine mlima, mingine iko chini ya mizinga ya mji. Nani ashuke kwanza? Mpiga mkuki akishuka ya kwanza anaziba njia ya manati. Manati ikitangulia inakufa. Binadamu anaitazama dakika moja anaipanga. Kompyuta inasogeza kimoja kimoja kwa mpangilio wa orodha yake, na matokeo yake unayajua: manati tatu ziko majini zinazunguka, mpanda farasi mmoja kashuka peke yake.

Ya pili, meli za kubebea zikafutwa. Ukishagundua teknolojia ya Optics, askari yeyote akifika ufukweni anajigeuza chombo na kuvuka. Wengi walishangilia. Lakini akiwa majini ni mnyonge kabisa, na kompyuta ilikuwa inamvusha bila kusindikizwa. Manowari zako mbili zinakaa kwenye mlango wa bahari zinazamisha kizazi kizima.

Nimalizie na hili, maana nalo linasahaulika. Msimbo wa V nao uliachiwa, 2012, na modi ya Vox Populi imeonyesha kwamba hata kwenye mraba mmoja kikosi kimoja kompyuta inaweza kufundishwa kushuka kwa mpangilio. Ilichukua watu wengi na miaka mingi, bila mtu wa masoko kuwaambia tarehe ya kutoa gemu.

Mchora Ramani

Bibi Divisheni umenifungulia jambo nililotaka kulifikia. Tazameni hii njia ambayo kampuni nyingi zimeifuata: kompyuta ikishindwa kutumia meli, ziondoe meli.

Empire: Total War ilipotoka Machi 2009, gemu la karne ya 18, la himaya za baharini, kompyuta haikuweza kabisa kupeleka jeshi ng'ambo. Ukicheza na Uingereza ulikuwa unalala usingizi kisiwani. Likaja kurekebishwa kwa apdeti baadaye. Kisha Rome II, 2013: jeshi likifika baharini linageuka meli lenyewe. Kweli kompyuta ikaanza kuvuka, tena kwa wingi, ila siku zile za mwanzo meli hizo za kubeba askari zilikuwa zinazipiga manowari halisi, maana zimejaa watu wa nchi kavu wenye silaha nzuri. Jeshi la majini likawa halina kazi. Crusader Kings II ilikuwa na meli za kuita kutoka kwa mabwana wako, ya III mwaka 2020 ikazifuta, unalipa dhahabu jeshi linapanda maji.

Naelewa kwa nini wanafanya hivyo. Mchezaji anayeshambuliwa na kompyuta iliyovuka kwa mkato anapata vita. Anayesubiri kompyuta ijifunze usafirishaji anapata usingizi.

TangaRaskazone

Hapo sikubaliani hata kidogo. Bahari ikiwa barabara tu, kisiwa kina faida gani? Uingereza ya Napoleon ni nini bila Channel? Mwaka 1805 alikuwa na jeshi limekaa Boulogne linasubiri meli zake zikutane, hazikukutana, akaligeuza jeshi kwenda Austria. Historia nzima ya mwaka ule imo kwenye kushindwa kuvuka. Gemu inayomvusha kwa kulipa dhahabu imeifuta.

Nakubali kompyuta ivushwe kwa mkato, sawa. Lakini anayekutwa majini bila msindikizaji azame. Wakiniachia hilo moja, mengine waondoe.

Msafiri Maskati

Assalamu alaikum. Niko Maskati huku, nimesoma uzi wote nikitikisa kichwa, maana mnataja Channel na Normandy wakati Europa Universalis IV ina pwani yetu nzima. Kilwa ipo, Mombasa ipo, Malindi, Pate, Mogadishu, na Oman upande huu.

Kanuni ya pale ni nzuri kwa mjadala wenu, kwa sababu meli hazijafutwa. Meli moja ya kubeba inachukua kikosi kimoja, watu 1,000. Unataka kuvusha 20,000, tafuta meli 20. Ukishuka mahali penye adui unapigana ukiwa umepunguziwa alama 2 kwenye dadu, na dadu yenyewe inaishia 9, kwa hiyo si jambo dogo.

Kompyuta inafanyaje? Ina meli nane, inavusha 8,000, inarudi kuchukua wengine. Wale wa kwanza wameachwa pwani wanasubiri. Nikicheza na Kilwa dhidi ya Mreno hiyo ndiyo chakula yangu. Sipigani naye baharini hata siku moja, ananizidi. Naliweka jeshi langu majimbo mawili ndani, asilione kama tishio ufukweni. Anashuka na fungu la kwanza, meli zinageuka, naingia. Fungu la pili likifika linakuta kaburi na mimi nimesimama juu yake, na sasa lile pungufu la dadu ni lake.

Mreno wa kweli hakuwa hivyo. Almeida mwaka 1505 alikuja na kundi zima la meli, akaiteka Kilwa, wiki chache baadaye akaichoma Mombasa. Nguvu yote mahali pamoja, kisha mahali pengine. Wala hakuhitaji kushika bara, alitaka bandari tu. Kompyuta ikishachukua mji wa bandari inataka kuzingira ngome za ndani moja baada ya nyingine, na huko ndiko maradhi na njaa vinaikuta.

Na upande wetu pia. Waomani waliizingira Fort Jesus kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Wareno walileta misaada kwa bahari na mzingiro haukuondolewa. Kompyuta yangu ya Oman ingeona meli za Wareno kutoka Goa zinakuja, ingehesabu uwiano wa nguvu, ingepakia watu irudi Maskati, na baada ya mwaka ingekuja tena kuanza moja.

Kibubu_254

Waalaikum salaam. "Linakuta kaburi na mimi nimesimama juu yake." Hiyo naibeba, Msafiri.

Mgeni Njoo

Nimeelewa sana, asanteni. Sasa nimeshusha Hearts of Iron. Hakuna namna ya kuifanya kompyuta ije kwa nguvu? Nataka kulinda pwani kwa kweli.

Bibi Divisheni

Ipo, mdogo wangu, ila ujue bei yake.

Ndani ya folda ya gemu fungua common, utaona ai_strategy. Ni mafaili ya maandishi ya kawaida, yanafunguka hata kwa notipadi. Humo nchi zimepewa uzito: nani avamiwe, eneo gani lilindwe, divisheni ngapi ziombwe kwa uvamizi. Namba za jumla ziko kwenye 00_defines.lua, sehemu inayoanza na NAI. Nakili faili kwanza, weka yako kama modi, usihariri la asili, maana apdeti ikija inafuta kila kitu.

Kishawishi cha kila mtu ni kupandisha ile ya kuomba divisheni za uvamizi. Nimeifanya kwa Waingereza na Wamarekani. Kweli wakaja wengi, wakashuka Ufaransa wakiwa jeshi zima, wakachukua bandari, vita vikanoga. Tatizo ni kwamba divisheni zile zimetoka mahali. Misri ikabaki na walinzi wa kuhesabu kwa vidole, Waitalia wakaingia Suez. Nikapandisha uzito wa Misri, wakakaa Misri na uvamizi ukarudi kuwa wa divisheni mbili. Ni blanketi fupi.

Kilichonisaidia ni kufunga tarehe na masharti. Uzito wa uvamizi unakuwa sifuri mpaka Waitalia wamalizike Afrika, ndipo unapanda ghafla, na uzito wa maeneo mengine unashuka hapohapo. Yaani ule ushikaji wa mpango ambao kompyuta haina, mimi nimeuandika kwa mkono. Ubaya wake ni kwamba vita ikienda njia nyingine, mathalani Waitalia wakiwa upande wa Washirika, sharti halitimii na Washirika wanakaa Uingereza hadi mwisho wa gemu wakinywa chai.

Mchora Ramani

Dada, hapo ndipo naona pana kazi kwa wenye gemu wenyewe. Sharti lako ni la tarehe na matukio kwa sababu hicho ndicho tunachoruhusiwa kugusa. Ndani kabisa wao wanaweza kuweka mpango kama kitu chenye uhai wake: divisheni hizi na meli hizi zimetengwa kwa safari hii, na hakuna upande mwingine wa programu wenye ruhusa ya kuzichukua mpaka safari iishe au ivunjwe rasmi. Na kuivunja kuwe na gharama, ili isivunjwe kwa sababu jimbo moja Ukraine limepotea.

TangaRaskazone

Na ikitengewa hivyo halafu hali ikabadilika kweli, itakwenda kufa Dieppe. Agosti 1942 Washirika walipeleka watu kama 6,000 kwenye mji huo wa pwani ya Ufaransa, wengi wao Wakanada, na zaidi ya nusu wakauawa, wakajeruhiwa au wakatekwa. Mpango ulikuwa umeshikwa vizuri sana.

Mchora Ramani

Bora Dieppe moja kwa gemu kuliko Bordeaux kila mwezi. Dieppe walau inanilazimu niweke watu pwani.

Kibubu_254

Hapo nakubaliana. Kuogopa tu kwamba anaweza kuja kunanifanya niweke divisheni ishirini Ufaransa ambazo ningezipeleka Moscow. Hiyo ndio kazi ya navy hata bila kushuka.

Mgeni Njoo

Swali la mwisho, nisiwachoshe. Nitajuaje kama modi imefanya kazi bila kucheza gemu zima?

Bibi Divisheni

Anzisha gemu bila Ironman (ile hali isiyokuruhusu kurudi sevu ya nyuma), maana ikiwa Ironman dirisha la amri halifunguki. Fungua dirisha la amri, andika observe, unaachia nchi yako na kompyuta inacheza zote. Weka kasi ya mwisho, nenda kapike. Sevu ijihifadhi kila mwezi, usikubali ya kila mwaka, kwa sababu divisheni mbili zinaweza kushuka na kufa kati ya Januari na Machi na ramani ya Desemba isionyeshe chochote. Rudi gemu ikiwa 1943 na 1944, fungua sevu za karibuni, tazama bandari za kusini mwa Uingereza. Ukikuta divisheni zimejaa Portsmouth na manowari ziko Channel sevu tatu mfululizo, imekubali. Ukikuta divisheni zipo sevu hii, hazipo inayofuata, bado inahamahama.

Mgeni Njoo

Naiwasha sasa hivi. Portsmouth ni ipi hapo, ya kulia au ya kushoto?

Kibubu_254

Katikati, chini, imetazama Ufaransa. Ukikosa, tafuta kisiwa kidogo kimekaa mbele yake.